Kikao cha Tarehe Sita Mei

17 Machi 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua ya mama nimeiweka kando, mpe yake mkononi, isichanganywe na yako.

Wiki mbili zimekwisha na bado sijafukuzwa, kwa hiyo nadhani sasa naweza kukuandikia. Nina meza, baba. Meza yangu peke yangu, yenye droo tatu. Ya chini haifunguki, ya kati haifungi, lakini ya juu ina ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Nilipokabidhiwa nilikukumbuka wewe, miaka thelathini na moja ukizunguka na mafaili ya watu kwapani, na hata msumari wa kutundikia koti lako hawakukupa.

Chumba chetu kinaitwa masjala. Kiko chini ya ngazi, kina dirisha moja linalotazama ukuta wa kiwanda, na mashine za kufuma zikianza saa moja asubuhi kidau changu cha wino kinatetemeka juu ya meza mpaka saa ya chakula. Kila barua inayoingia kiwandani inapitia kwangu. Nagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kisha naandika kwenye daftari kubwa: tarehe, namba, imetoka kwa nani, inahusu nini, imepelekwa kwa nani. Ndiyo kazi yenyewe. Meneja Utumishi, ambaye ndiye mkubwa wangu, siku ya tatu alisimama nyuma yangu akasema, “Mwandiko kama huu sijauona tangu nitoke shule.” Nilijifanya sikusikia, lakini masikio yaliniwaka moto.

Tuko wawili. Mwenzangu ni mpiga chapa, mama mtu mzima, wote wanamwita Mama Taipu. Anapiga taipu huku anaongea na huku anatafuna karanga, na hakosei herufi. Mimi siku ya kwanza peke yake nilikosea mara tatu: nilimwamkia mkurugenzi nikiwa nimekaa, nilipokea simu nikasema “Wewe nani?”, na nilikunywa chai kwa kikombe cha mhasibu. Hilo la kikombe ndilo lililoleta maneno. Mama Taipu akanivuta pembeni. “Mwanangu,” akasema, “humu ndani usijue kitu ambacho hujaulizwa.” Nimeliandika kwenye kijitabu changu cha mafunzo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeniudhi. Ni fundi mkuu wa mitambo, wanamwita Fundi Spana. Ijumaa alileta barua iliyojaa alama za vidole vya grisi. Nikamwambia aiache. “Hapana,” akasema, “iandike nikiona.” Nikagonga muhuri. “Na kwenye daftari.” Nikaandika: tarehe 15 Machi, namba 212, kinga ya mashine ya saba imevunjika, wafumaji wako hatarini. Akapitisha kidole juu ya mstari kama mwalimu anayesahihisha, akaondoka bila asante. Ananidharau kwa sababu ni mgeni, au kwa sababu ni msichana. Mpaka leo nimenuna.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Kitinda


24 Machi 1985

Kitindamimba wetu,

Marahaba. Mama yako naye ameitika, kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani.

Barua yako nimeisoma nyumbani mara mbili na kwa kinyozi mara moja. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu akasikiliza hadi mwisho. Habari ya kikombe iliwavunja mbavu. Habari ya droo yenye ufunguo hawakucheka. Wananijua.

Sasa sikiliza. Mimi sikuwahi kukaa ofisini, nilipita tu. Lakini anayepita huona mengi. Nimebeba bahasha za kufukuza watu nikidhani ni za kuwapandisha vyeo. Nikawapa kwa tabasamu, nao wakanishukuru, kisha wakazifungua. Wewe unaona kilichomo kabla bahasha haijafungwa. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ndiyo niliyokusomeshea.

Huyo fundi usimnunie. Anayetaka kuona barua yake ikiandikwa ni mtu aliyewahi kuambiwa kwamba barua yake haikufika. Mheshimu.

Bado uko kwenye miezi ya majaribio. Wahi kazini, sema kidogo, cheka kidogo. Mtu akikusifia mwandiko sema asante, urudi kwenye kazi.

Baba yako,
Tarishi mstaafu


7 Aprili 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo wewe na mama.

Kumetokea ajali hapa. Jumanne saa nne asubuhi mashine zilinyamaza. Sikujua kwamba nilikuwa nimezizoea mpaka zilipokatika, na wino kwenye kidau ukatulia kama maji ya mtungini. Halafu tukasikia mtu analia, sauti nyembamba ya kupanda na kushuka. Ni dada mmoja wa mashine ya saba. Ni wa rika langu, tulikuwa tukipishana getini asubuhi, tunaulizana hali. Mkono wa kulia, vidole vitatu. Nilimwona akipitishwa mlangoni kwetu. Walikuwa wamemfunga kwa kitambaa kilekile wanachokifuma.

Kwa hiyo wiki imekuwa nzito. Meneja amekuwa na shughuli nyingi, lakini amenitendea vizuri. Jumatano aliniita akafunga mlango, nikadhani nimekosea. Kumbe anataka ninakili upya daftari la barua, lote tangu Januari, kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na mwandiko wa kuku, na kuna wageni wanakuja kutoka makao makuu. Aliweka alama ya penseli kwenye barua chache ambazo, alisema, hazikupaswa kuingia mle, ni mambo ya ndani ya idara ya ufundi. Hizo nikaziruka. Namba zikasogea, kila kitu kikakaa mahali pake. Nilimaliza Ijumaa jioni, vidole vimekufa ganzi. Akaniambia mtu wa aina yangu hapaswi kungojeshwa miezi sita ya majaribio, atazungumza na mkurugenzi.

Mama Taipu hakunisemesha siku mbili nzima. Nadhani kichwa kilikuwa kinamuuma.

Msiwe na wasiwasi. Mimi nakaa mbali na mashine.

Mwanao,
Kitinda


14 Aprili 1985

Mwanangu,

Tumesikitika. Mama yako amekaa siku nzima akiangalia mikono yake mwenyewe. Anauliza kama yule binti ana wazazi karibu, na kama umekwenda kumwona hospitali. Nenda. Usiende mikono mitupu.

Habari za kuthibitishwa mapema ni njema. Sijamwambia kinyozi, nangoja barua yenyewe.

Nina swali moja tu, na unijibu hilo kabla ya mengine. Daftari la zamani liko wapi?

Baba yako


26 Aprili 1985

Baba,

Daftari la zamani halipo. Ijumaa ile ile Meneja alilitia kwenye mkoba wake, akaniambia asante, akazima taa ya chumba nikiwa bado nimesimama ndani.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilijua ukishauliza nitakwambia. Barua ya Fundi Spana, namba 212, ilikuwa na alama ya penseli. Ilikuwa ya kwanza kabisa. Nimekuwa nikijiambia kwamba sikuelewa, kwamba mimi ni mgeni, kwamba niliambiwa ni mambo ya ndani. Si kweli. Nilipoufikia ule mstari mkono ulisimama wenyewe. Nilimkumbuka yule dada. Kisha nikakukumbuka wewe umekaa kwa kinyozi na barua yangu mkononi. Nikaendelea na 213, nikaiandika 212.

Sasa wanasema fundi hakutoa taarifa. Amesimamishwa kazi. Yeye anasema alileta barua kwa mkono wake, na Meneja anasema barua hiyo haijulikani. Kutakuwa na kikao cha nidhamu Jumatatu tarehe 6 Mei, saa tatu asubuhi. Nimeambiwa nitaitwa na daftari. Meneja ameniambia hivi, nakuandikia maneno yake: “Utaulizwa swali moja, utalijibu, utarudi kwenye meza yako. Wala si jambo la kukukosesha usingizi.”

Mama Taipu nilimuuliza nifanyeje. Aliendelea kupiga taipu. Mwisho wa mstari akasema, “Mimi nina wajukuu wanne nyumbani, usiniulize mimi.”

Nisiposema, fundi anafukuzwa, na yule dada ataambiwa kosa ni lake. Nikisema, naondoka siku hiyohiyo, na kila ofisi nitakayokwenda watauliza kwa nini niliondoka. Sijui, baba. Sijui kabisa. Nikikaa peke yangu naamua hivi, nikifika getini naamua vile.

Niambie nifanye nini. Barua huchukua siku tatu au nne. Nijibu upesi inifikie kabla ya kikao. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Kitinda


2 Mei 1985

Mwanangu,

Sema.

Nimekuandikia neno hilo juu peke yake ili hata ukisoma umesimama, una haraka, uwe umeliona.

Nitakwambia jambo ambalo mama yako halijui. Mwaka wangu wa kumi kazini kulitokea wizi wa mashine ya taipu ofisini kwetu, na mlinzi akasingiziwa kwamba alikuwa amelala. Hakulala. Nilimwona kwa macho yangu yuko lindoni, tukasalimiana. Na nilijua ni nani aliyetoka na ile taipu, kwa sababu nilipishana naye kwenye ngazi. Sikuulizwa. Nikajiambia, mimi ni tarishi, tarishi haulizwi. Yule mlinzi alirudi kwao, na kila alipopita mjini alikuja kunisalimia kwa sababu mimi peke yangu sikumgeuzia kisogo. Alikuwa akinishukuru. Amekufa miaka sita sasa, na mpaka kufa kwake alikuwa akiniita rafiki.

Shukrani ya namna hiyo usiinunue. Ni nzito kuliko faili lolote nililobeba.

Simama mbele yao, useme: barua niliipokea mimi, niliisajili mimi, na niliifuta mimi kwa kuamriwa. Wakikufukuza, rudi. Chumba chako kipo, na mtu yeyote akicheka nitajua la kumjibu.

Baba yako


11 Mei 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe mbili imenifikia jana, kikao kilikuwa kimekwisha siku nne. Usijali, najua posta zetu.

Kikao kilikwenda. Nilisimama, nikajibu nilichoulizwa, sikuongeza wala sikupunguza. Hakuna aliyenifokea. Uliyoniandikia yote yameniingia, na ya mlinzi nitakaa nayo kimya kama ulivyokaa.

Sina maneno mengi leo, nimechoka. Msalimie mama.

Kitinda


KIWANDA CHA NGUO
Ofisi ya Meneja Utumishi
13 Mei 1985

Kwa: Karani wa Masjala
Yahusu: KUTHIBITISHWA KAZINI

Nafurahi kukujulisha kwamba, kutokana na bidii, nidhamu na uaminifu ulioonyesha katika kipindi kifupi ulichokuwa nasi, uongozi umeamua kukuthibitisha katika cheo chako kuanzia tarehe ya barua hii, badala ya kungoja miezi sita kama ilivyo kawaida.

Ni matumaini yetu kwamba utaendelea na moyo huohuo.

Meneja Utumishi

Nakala: Jalada lako


19 Mei 1985

Mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako, na nakala ya kuthibitishwa uliyoniletea nimeisoma pia, na nimeketi. Sijui niandike nini kwanza.

Umesema, na wamekuthibitisha! Kumbe duniani bado wapo wakubwa wanaoweza kuambiwa kweli na karani wao wasimle mbichi. Huyo Meneja nilimdhania vibaya, nimemwomba radhi kimoyomoyo. “Nidhamu na uaminifu.” Uaminifu, wameandika wenyewe, kwa taipu!

Safari hii nimemwambia kinyozi, na waliokuwapo, na waliokuwa wanapita. Nimewaeleza tangu mwanzo: daftari, penseli, kikao. Mzee mmoja aliinuka akanipa mkono. Mama yako amepiga vigelegele peke yake jikoni, kisha akatoka nje akapiga vingine ili vihesabike.

Fundi amerudi kazini? Mpe salamu zangu. Mwambie baba yake Kitinda anasema pole na hongera. Na yule binti wa mashine ya saba, sasa si watamtendea haki?

Hujui ulichonifanyia. Kuna kitu nilikuwa nacho kifuani, umekitoa.

Baba yako mwenye furaha


3 Juni 1985

Kwa Karani wa Masjala,

Mimi ni yule fundi. Niko kwa dada yangu, anwani nimeandika nyuma ya bahasha. Barua hii sikuileta kiwandani kwa sababu sijui kama ungeisajili.

Sijazoea kuandika barua ndefu, ila kuna jambo nataka tukumbuke sawa, mimi na wewe. Siku ya kikao mwenyekiti alikuuliza, “Karani, je, barua anayoitaja imo katika daftari hili?” Ukasema, “Haimo.” Hukusema uongo. Haimo. Nilipokugeukia nikasema, “Binti, si uliiandika mbele yangu, nikaweka kidole?” mwenyekiti akanikata, akasema mtuhumiwa haulizi maswali. Lakini alinyamaza kidogo baada ya hapo. Palikuwa na nafasi ya mtu kusema kitu. Nilikutazama, wewe ukatazama muhuri wako.

Sikwambii kwamba sikulaumu kwa sababu wewe ni mdogo. Nakulaumu. Lakini si wewe uliyevunja kinga, na si wewe uliyeniambia kwa miezi saba mfululizo kwamba vipuri vitakuja mwezi ujao. Kwa hiyo nakulaumu kwa sehemu yako.

Dada wa mashine ya saba ameandikiwa kwamba aliondoa kinga mwenyewe ili afanye haraka. Anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto.

Nimekata rufaa ofisi ya kazi ya serikali. Jalada litafungwa tarehe 28 Juni. Nahitaji karatasi moja tu yenye sahihi yako, inayosema uliipokea barua yangu tarehe 15 Machi. Afisa ameniambia hiyo peke yake inatosha kulifungua shauri lote, langu na la yule dada.

Ukiamua kutonijibu, nitajua.

Fundi


21 Julai 1985

Baba,

Shikamoo. Barua hii usiisome kwa kinyozi.

Sikusema. Kikaoni niliulizwa kama barua ya fundi imo kwenye daftari nikasema haimo, nikarudi kwenye meza yangu. Nilipokuandikia kwamba nilijibu nilichoulizwa, nilijua utaelewa vipi. Nilichagua maneno hayo baada ya kuchana karatasi tatu. Kisha ukaniletea ile barua ya vigelegele, na kila siku niliyokaa bila kukusahihisha ilinizidishia ugumu wa siku iliyofuata.

Mwezi wa sita fundi aliniandikia. Alitaka karatasi moja yenye sahihi yangu kabla ya tarehe 28. Niliipata barua yake tarehe 7. Niliiweka kwenye droo ya juu, ile yenye ufunguo, na kila asubuhi nilijiambia leo mchana, na kila mchana nikajiambia kesho. Sikuwa na shughuli, baba. Nilikuwa nimepewa kiti kipya, cha kuzunguka, na mkurugenzi alikuwa ameanza kuniita kwa cheo. Tarehe 28 ilipita ikiwa Ijumaa ya kawaida kabisa. Mama Taipu alileta keki kwa sababu mjukuu wake alifaulu mtihani, na mimi nikala.

Jumatano iliyofuata nilikuwa nagonga muhuri, nikasikia kicheko mlangoni. Dada mwingine, mgeni, ameajiriwa mashine ya saba, anauliza chooni ni wapi. Sijui kwa nini ilikuwa ni hilo. Nilichukua karatasi nikaandika yote, ukurasa mmoja na nusu, nikaweka sahihi. Ijumaa niliomba ruhusa nikaipeleka ofisi ya kazi.

Afisa aliisoma akasimama, akaenda kwenye kabati, akarudi.

“Ungekuja wiki iliyopita,” akasema.

“Hakuna namna?”

“Namna ilikuwepo. Jalada limefungwa na limekwenda juu. Kulifungua upya mpaka fundi mwenyewe aanze shauri jipya, na shauri jipya litamchukua miaka.” Kisha akaniangalia vizuri. “Ulikuwa mgonjwa?”

Nikasema hapana.

Kutoka pale nilikwenda nyumbani kwa dada yake fundi. Nilimkuta uani amelala chini ya pampu ya maji ya mtu, miguu tu inaonekana. Nikampa karatasi. Aliifuta mikono kwanza, akaisoma akiwa amekaa chini, polepole, kwa kidole. Halafu akanirudishia.

“Mwandiko wako ni mzuri,” akasema.

“Naomba unisamehe.”

“Kwa yaliyomo humu, au kwa kuchelewa?”

Niliikunja ile karatasi. Akasema, “Yule dada amerudi kwao Jumapili. Alikungoja. Mimi nilimwambia asingoje, lakini yeye alisema, ‘Ataleta, tulikuwa tunasalimiana getini.’” Kisha akarudi chini ya pampu. Nilisimama pale mpaka dada yake akatoka ndani kuniuliza kama kuna mtu namtafuta.

Jumatatu nilimpelekea Meneja nakala, mkononi kwake. Nilikuwa tayari, baba. Nilikuwa nimeshafungasha kijitabu changu na kikombe. Aliisoma yote. Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha herufi moja niliyoikosea mstari wa tisa, akaniambia, “Isajili, uiweke jaladani.” Basi. Hakupandisha hata sauti. Akasema, “Mlango tafadhali,” nikaufunga nikitoka.

Nilidhani ningefukuzwa. Nilikuwa nimeitamani hiyo adhabu kuliko nilivyowahi kuitamani kazi. Lakini kumfukuza mtu kunahitaji sababu iandikwe, na yeye haandiki mambo ya namna hiyo. Nimeisajili. Iko kwenye daftari, namba 547, na hakuna atakayeisoma.

Bado nakwenda kazini. Saa moja kasorobo niko getini. Mafunzo yote niliyoandika kwenye kile kijitabu, ya kuwahi, ya kikombe, ya kusimama mkubwa akiingia, nayajua kwa moyo. Lile moja sikuliandika popote: kwamba hakuna mtu aliyewahi kunilazimisha. Hakuna aliyenitisha hata mara moja. Waliniomba tu, kwa upole, nami nikaona aibu kukataa.

Uliniambia sema. Sikukutii, na sina wa kumsingizia. Lakini nataka ujue jambo moja, si la kujitetea. Asubuhi ya tarehe sita nilikwenda posta kabla haijafunguliwa. Nilisimama mlangoni mpaka saa mbili na nusu. Karani wa posta alitafuta mara mbili, akaniambia hakuna kitu chako. Nikaenda kikaoni bila neno lako. Sijui kama lingenibadilisha. Ningependa kujua.

Mwanao,
Kitinda


4 Agosti 1985

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako imekaa kwangu siku kumi. Siku ya kwanza niliandika barua ya kukwambia usikanyage hapa tena. Nikaichana. Siku ya tatu niliandika ya kukusamehe. Hiyo nayo nikaichana, na nitakwambia kwa nini.

Kwa kinyozi nimeshakwenda. Niliwaambia wote kwamba binti yangu hakusema kikaoni, kwamba alisema baada ya mlango kufungwa. Yule mzee aliyenipa mkono hakuwapo, nikamfuata kwake nikamwambia yeye pia. Alinikaribisha chai. Sikuinywa.

Lakini sikuwaambia lililo langu. Nakwambia wewe kwanza.

Barua yangu ya tarehe mbili Mei niliiandika kweli tarehe mbili. Nilikaa nayo mezani, nikaisoma, nikaona ni barua nzuri, barua ya baba ninayetaka kuwa. Nikavaa koti kwenda posta. Nikafika. Pale dirishani nikahesabu: nikiitia leo, itafika Jumatatu asubuhi, kabla ya saa tatu. Na Kitinda wangu atasimama, atasema, na kabla ya jioni atakuwa hana meza. Nikairudisha mfukoni. Ijumaa niliibeba nikairudisha. Jumamosi sikutoka nyumbani kabisa. Niliitia posta Jumatatu tarehe 6, saa nne asubuhi, kikao kikiwa kimeshaanza, ili isiweze kukuwahi.

Kazi yangu ilikuwa kufikisha bahasha. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuchelewesha hata moja.

Nilitaka viwili, mwanangu. Nilitaka kuwa nimekwambia useme, na nilitaka usiseme. Uliponiandikia kwamba ulijibu, nikafurahi mara mbili: umesema bila mimi, na kazi imebaki. Nilijiona nimeponea chupuchupu. Vigelegele vya mama yako mimi nilivisikia vikilia juu ya ujanja wangu, na bado nikavifurahia.

Kwa hiyo unaona kwa nini siwezi kukusamehe. Sina mamlaka hayo. Wala usinisamehe mimi upesi kwa sababu ni baba yako. Ulisimama mlangoni pa posta saa mbili na nusu, na neno lako lilikuwa huku, ndani ya koti langu, limekunjwa mara nne. Unauliza kama lingekubadilisha. Mimi nadhani lingekubadilisha. Ndiyo maana nililizuia.

Uliza kwa fundi, kwa heshima, yule binti kwao ni wapi. Nitakwenda. Sina cha kumpa, na sijui nitamwambia nini nikifika, lakini asije akaendelea kudhani kwamba aliyemchelewesha ni mtu mmoja.

Njoo Jumamosi. Mama yako hajui lolote, kinyozi ni kwa wanaume tu na hakuna aliyethubutu kumwambia. Bado anawasimulia majirani jinsi ulivyosimama kikaoni, na kila akisimulia anakuongezea urefu. Ukifika tutakaa naye sisi wawili. Wewe nyamaza. Safari hii nitaanza mimi.

Baba yako